Safu ya Sababu

Saa kumi na moja alfajiri, Uyole.
Baridi ya Julai inakata masikio kuliko kisu changu.
Navaa koti ambalo weupe wake uko kwenye karatasi tu,
nashika moyo.

Miaka kumi na tisa nashika mioyo.
Sheria inataka niupasue, nitazame tegu,
zile punje nyeupe kama mchele wa Kyela,
halafu nipige muhuri wa zambarau, niseme: kuleni.
Mkono ukizoea hujua kabla ya jicho.
Moyo wa ng'ombe wa Kitulo, aliyekuzwa na ukungu na nyasi,
umechongoka kama pia,
ukiubonyeza unakirudisha kidole.

Leo kaletwa Ndaga.
Nani mtaani kwetu hamjui Ndaga?
Miaka kumi na mmoja bandani kwa Bi Subilaga,
hatua ishirini kutoka barabara kuu,
pale malori ya Tunduma yanapobadili gia
na kukohoa weusi mzito hadi kwenye pumba zake.
Nyuma ya banda, tanuri la matofali la kina Mwasenga:
siku tisa linafuka, siku mbili linapoa, linawashwa tena.
Ng'ombe hajui kufunga dirisha.
Alivuta alichopewa, akatoa maziwa meupe,
tukanywa na chai, tukasema ndaga, asante.

Tangu Pasaka kidari kilivimba,
maji yakining'inia chini ya shingo kama kiriba.
Mshipa wa shingo ulirukaruka hata akiwa amesimama.
Kilima kidogo cha kisimani alikipanda kwa vituo vitatu.
"Uzee," alisema Subilaga. Nami nikasema, uzee.
Nilikuwa na haraka siku hiyo.

Sasa huu hapa, mkononi:
mviringo, kama boga.
Upande wa kulia umetanuka, umelegea
kama soksi iliyovaliwa na mguu usio wake.
Mapafu yana masizi, madoa kwa madoa,
mfano wa sufuria za msibani.
Nikauwaza ule upande wa kulia,
ulivyosukuma damu usiku na mchana
kuelekea mapafu yaliyokwisha kufunga mlango,
ukibisha, ukibisha,
ukinenepa kwa kubisha,
hadi ukachoka.

Nachukua fomu.
Kiungo: moyo. Uamuzi: kutupwa.
Sababu. Hapa maneno yamekwisha kuchapwa, kazi yangu ni kutia alama:
tegu, jipu, kifua kikuu, jeraha, minyoo.
Natafuta moshi.
Nageuza karatasi, labda uko nyuma.
Nyuma pana hesabu za ngozi.

Ng'ombe mmoja si ushahidi, najua.
Mwalimu wetu chuoni alituonya
tusiuhukumu moto kwa jivu la siku moja.
Lakini mwezi uliopita mbuzi wawili wa njia hiyohiyo,
na yule mbwa wa kituo cha mafuta, waliyemwita Dizeli,
aliyeanguka akifukuza baiskeli, bila kidonda.
Nimeyaandika kwenye daftari langu la madeni,
kurasa za mwisho, kwa penseli,
kama mtu anayeiba.

Bi Subilaga yuko langoni, khanga mbili juu ya sweta.
"Alikuwa na nini?"
Anakohoa kidogo, anaomba radhi, anakohoa tena.
Chumba chake na banda vinagawana ukuta mmoja.

Nyumba yangu ni ya tatu kutoka hapo.
Jana nilipanda ngazi za hapa machinjioni,
ngazi saba tu,
nikasimama kwenye ya tano
nikijifanya natafuta kalamu.